Saa ya GPS katika vichochoro vya Lamu: kisa cha mita 400 mara nane

Kisa hiki kinamhusu mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu, anayejiandaa kwa mbio za kilomita 10 mjini Mombasa. Anakaa Mkomani, upande wa nyumba za mawe, na hukimbia baada ya sala ya alfajiri kabla ya kwenda darasani. Kaka yake aliye Nairobi alimletea saa ya GPS iliyokwisha kutumika, ya daraja la kati: ina kioo cha kugusa, vitufe viwili upande wa kulia, kipimo cha mapigo ya moyo kwa chini, na inapokea mazoezi yaliyopangwa kwenye simu. Kocha wake yuko Mombasa na humtumia ratiba ya wiki kwa WhatsApp. Zoezi la Jumanne lilikuwa hili: kupasha mwili joto dakika 15, mita 400 mara nane kwa kasi ya kati ya dakika 4:40 na 4:50 kwa kilomita, kila moja ikifuatwa na mita 200 za mwendo wa pole, kisha kupoza mwili dakika 10.

Ni zoezi la kawaida. Aliliandika kwenye simu hatua kwa hatua, akalituma kwenye saa, akatoka. Alirudi amekasirika. "Mjomba, saa yanihesabia raundi nisizozikimbia," aliniambia, na akaongeza kwamba angeirudisha Nairobi wiki hiyo hiyo.

Nilimwomba tuifungue kwanza rekodi yenyewe, na ndiyo iliyonifanya niandike. Wakimbiaji wengi wa pwani nawaona na saa kama hizi. Wananunua kwa pesa nyingi, wanajaribu zoezi lililopangwa mara moja au mbili, linavurugika, na baada ya hapo saa inabaki ya kutazama muda na kuhesabu kilomita tu. Watu hudhani kifaa ni kibovu au wao ndio hawajui teknolojia. Katika kisa hiki hakuna aliyekuwa mbovu. Zoezi liliandikwa kwa ajili ya uwanja wa riadha wenye anga wazi, likakimbiwa katika mji wa vichochoro.

Rekodi ilionyesha nini? Mstari wa njia aliyopita ulikuwa unakata juu ya mapaa, unaingia nyumba moja na kutokea nyingine. Rudio la kwanza la mita 400 lilikuwa limekamilika kwa dakika 1:31, kasi ambayo yeye mwenyewe alicheka alipoiona. Rudio la pili hadi la nne yalikuwa ya kuaminika kiasi, ila grafu ya kasi ilipanda na kushuka kama meno ya msumeno. Rudio la tano lilidumu sekunde sita. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa kimepishana: pale saa ilipoandika "pumzika" alikuwa anakimbia kwa nguvu zote, na pale ilipoandika "kimbia" alikuwa anatembea.

Nianze na rudio la kwanza, kwa sababu hapo ndipo penye somo kubwa. Hatua ya kupasha mwili joto ilipangwa iishe kwa muda, dakika 15. Zilipotimia, mpwa wangu alikuwa bado ndani ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hajafika pwani. Saa haikujua yuko wapi wala haikujali. Ilitetema na kuanza kuhesabu mita 400 hapo hapo, katikati ya kuta.

Sasa tazama kuta zenyewe. Nyumba za Mkomani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa mbili au tatu, na kichochoro kati yake mara nyingi ni upana wa kupishana punda kwa shida. Ukiinua macho unaona ukanda mwembamba wa mbingu. Saa ya GPS inahitaji kusikia angalau setelaiti nne kwa wakati mmoja ili ijue ilipo, na setelaiti hizo ziko kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, zimetawanyika mbingu nzima. Ukanda ule unaficha nyingi. Zile zinazofika hazifiki moja kwa moja. Mawimbi yanagonga ukuta kwanza ndipo yanaingia kwenye saa. Kwa kuwa saa inapima umbali kwa muda ambao mawimbi yamesafiri, na mawimbi husafiri mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, mzunguko mdogo wa kugonga ukuta unatosha kuihamishia nyumba ya jirani. Sekunde inayofuata setelaiti nyingine inasikika, na saa inamrudisha kichochoroni. Kuruka huku na huku kote kunahesabiwa kuwa mita alizokimbia. Ndiyo maana mita 400 ziliisha mapema hivyo.

Saa za bei ya juu siku hizi hupokea masafa mawili kutoka setelaiti moja, na zina uwezo mzuri zaidi wa kutofautisha wimbi lililonyooka na lililogonga ukuta. Zinasaidia, na zinakula betri. Lakini mwalimu hawezi kuambiwa anunue saa nyingine ili apite Mkomani.

Kulikuwa na jambo jingine dogo lililochangia. Saa hizi, zikiunganishwa na simu, hupokea faili la kutabiri setelaiti zitakuwa wapi katika siku zijazo, na hilo ndilo linalozifanya zipate mahali zilipo kwa haraka. Utabiri huo huisha muda wake baada ya siku kadhaa. Mpwa wangu hutuma mazoezi kutoka simu ya mumewe, na programu alikuwa ameizuia isitumie data ili kubana bando. Zoezi lilipita kwa Bluetooth, faili la setelaiti halikuja. Kwa hiyo saa ilitoka nyumbani ikiwa inatafuta mbingu nzima upya, tena ndani ya kichochoro, naye akabonyeza kuanza kabla haijapata.

Marudio ya pili hadi ya nne yalikuwa kwenye njia ya pwani kuelekea Shela, anga wazi upande wa bahari. Hapa tatizo halikuwa mahali, lilikuwa kasi. Alikuwa ameweka mipaka miwili, 4:40 na 4:50, na saa imeambiwa ilie kila anapotoka nje yake. Ilikuwa inalia bila kukoma: punguza, ongeza, punguza. Alijitahidi kuitii, na kila alipoitii alikuwa amechelewa.

Piga hesabu. Kasi ya 4:40 kwa kilomita ni mita 3.57 kwa sekunde. Kasi ya 4:50 ni mita 3.45. Tofauti yake ni sentimita 12 kwa sekunde. Saa imefungwa kwenye mkono, na mkono wa mkimbiaji unakwenda mbele na nyuma kila hatua kwa umbali mkubwa kuliko huo mara nyingi. Kifaa kilicho juu ya kitu kinachobembea kinaombwa kigundue sentimita 12. Ili kisimchanganye mtu kabisa, kinalainisha: kinachukua sekunde kadhaa zilizopita, kinatoa wastani, ndipo kinaonyesha. Maana yake namba inayosomeka sasa ni ya kasi uliyokuwa nayo kitambo kidogo. Katika rudio la sekunde 114, kuchelewa kwa sekunde kumi ni mita 35 zimeshapita. Na mwanzo wa rudio ndio mbaya zaidi, kwa sababu wastani bado umebeba ule mwendo wa pole wa mapumziko. Saa inasema "ongeza" mtu akiwa tayari anakimbia kwa kasi kuliko anavyotakiwa. Anaongeza. Anafika mita 250 pumzi imekwisha.

Huu mtego nimeuona kwa wakimbiaji wengi, na naona ni kosa la wanaobuni saa kuruhusu mipaka myembamba hivyo kwa marudio mafupi bila hata kumwonya mtu. Mtengenezaji anajua vizuri kipimo chake kinalainisha kwa sekunde ngapi. Mkimbiaji hajui. Tangu Marekani ilipoacha kuchafua makusudi mawimbi ya GPS ya raia tarehe 2 Mei 2000, na kampuni ya Garmin ikatoa saa zake za kwanza za Forerunner mwaka 2003, vifaa hivi vimekuwa bora sana kwa kupima umbali wa safari nzima. Kwa kilomita 10 penye anga wazi unaweza kuviamini. Kwa kasi ya papo hapo ndani ya mita 400, hapana.

Rudio la tano, lile la sekunde sita. Karibu na gati alikutana na punda waliopakiwa mchanga, wamekata njia yote. Alisimama, kama mtu yeyote angesimama, akabonyeza kitufe cha chini akidhani anasimamisha saa. Katika mbio za kawaida kitufe kile huanza raundi mpya. Ndani ya zoezi lililopangwa, kwenye saa hii na nyingine nyingi, kitufe hicho hicho humaanisha "hatua hii imekwisha, nenda inayofuata". Saa ikaruka kwenye mapumziko. Alipoona imebadilika akabonyeza tena ili irudi. Ikaruka tena mbele. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Na hakuiona vizuri hata ilivyobadilika, kwa sababu saa ilikuwa chini ya mkono wa nguo. Hili sijaliona likijadiliwa na wanaopima saa hizi na kuzisifu, na kwa wanawake wengi wa hapa ndilo jambo la kwanza. Mpwa wangu hukimbia na nguo ya mikono mirefu na hijabu. Akiivaa saa juu ya nguo, anaona kioo lakini kipimo cha mapigo, ambacho ni taa inayomulika ngozi, hakisomi chochote cha maana. Akiivaa chini ya nguo, mapigo yanasomeka lakini kila kutazama kunataka mkono wa pili uje kuvuta nguo, mwili ukiwa unakimbia. Nguo iliyolowa jasho ikigusa kioo, kioo kinadhani ni kidole. Mara mbili ukurasa ulijibadilisha wenyewe akabaki anatazama ramani badala ya umbali uliobaki.

Basi tulipanga upya. Zoezi la kocha halikubadilishwa lengo lake hata kidogo. Kilichobadilishwa ni namna saa inavyoambiwa.

Kupasha mwili joto kumekuwa hatua isiyo na mwisho: haiishi kwa muda wala umbali, inaendelea mpaka abonyeze kitufe. Anatoka Mkomani kwa mwendo wa pole, anapita vichochoro, anafika pwani, anajinyoosha, anangoja kama kuna punda, na anapokuwa tayari ndipo anabonyeza. Badiliko hili moja limeondoa nusu ya matatizo, na limo katika saa karibu zote zinazopokea mazoezi. Limefichwa tu ndani ya orodha ya aina za hatua.

Kukimbia kwenyewe kumekuwa kwa muda. Mita 400 kwa kasi yake ni sekunde 114, kwa hiyo tuliandika dakika mbili, na mapumziko sekunde 90. Muda haupotei kichochoroni, hauruki juu ya mapaa, haungoji setelaiti. Milio ya mipaka ya kasi ilizimwa yote. Kwenye kioo kumebaki vitu viwili kwa maandishi makubwa: muda uliobaki katika hatua, na wastani wa kasi ya hatua hiyo, ambao baada ya kama nusu dakika hutulia na kusema jambo la kweli. Mlio umezimwa, umebaki mtetemo, kwa sababu alfajiri watu wamelala na kwa sababu mtetemo unasikika hata chini ya nguo. Kioo cha kugusa kimefungwa wakati wa mazoezi. Kusimama kwenyewe kwa saa kila anaposimama nako kumezimwa. Ndani ya zoezi kunachelewesha mapumziko bila mtu kujua.

Kuhusu nguo, fundi cherehani wa Langoni alimfungulia upenyo kwenye mkono wa kushoto, kidogo juu ya pindo, akaukunja ukingo na kuushona mara mbili usitatuke. Saa imebana kwenye ngozi, uso wake unatokeza kwenye upenyo, na vitufe viko wazi kwa kidole gumba cha kulia. Ukiitazama nguo kwa mbali huoni kitu. Natamani sana kampuni za nguo za michezo zinazouza hijabu za kukimbilia zifikirie pia mkono wa nguo.

Kocha hakukubali mara moja, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema akimpa mtu dakika mbili hawezi kulinganisha wiki hii na wiki ya nyuma, kwani mtu akichoka anakimbia umbali mfupi na bado "amemaliza" zoezi. Mita 400 hazidanganyi. Nilimkumbusha kwamba wakimbiaji wa Iten wana fatleki yao mashuhuri, dakika moja kwa nguvu na dakika moja pole, wanayoikimbia kwa saa tu kwenye barabara za vumbi zenye milima, na hakuna anayewaambia hawana nidhamu. Alijibu kwamba Iten wana kundi, na kundi ndilo linaloshika kasi. Mtu anayekimbia peke yake Lamu hana kundi. Hapo alikuwa na haki. Hata Eliud Kipchoge, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, alikuwa na wenziwe wa kumshikia kasi na gari lililomulika mistari ya leza barabarani mbele yao. Kasi aliisoma chini njiani na kwenye migongo ya wenziwe, hakuhitaji kuinua mkono.

Tulikubaliana tumpe mpwa wangu umbali wa kuaminika ulio juu ya ardhi. Kwa tepu ya mjenzi ya mita 50 tulipima njia ya pwani kutoka alama moja mpaka nyingine, urefu wa tepu mara nane, na kutia rangi ndogo kwenye ukuta kila mita 200. Siku ambayo kocha anataka mita 400 kamili, hatua zote za saa zinakuwa za kubonyeza: anabonyeza akipita alama ya kwanza, anabonyeza akifika ya mwisho. Umbali unatoka kwenye rangi, muda unatoka kwenye saa. Alama ya katikati anaitumia kujirekebisha: akifika mita 200 kabla ya sekunde 56 anajua ameanza kwa pupa. Kocha anapata namba zake, tena safi kuliko zile za setelaiti.

Bado kulikuwa na suala la mahali pa kukimbilia, na hapa bahari ndiyo inayoamua. Mchanga wa Shela maji yakiwa yamepwa ni mgumu na tambarare, kilomita 12 za anga wazi, na saa yoyote inafanya kazi vizuri pale. Lakini siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji hapa yamejaa alfajiri na hupwa saa nne au saa tano asubuhi, wakati yeye yuko darasani. Alfajiri ya maji kupwa anaipata siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Kwa hiyo ratiba yake sasa inafuata mwezi: wiki ya maji mafu anakwenda Shela kwa mbio ndefu za kasi ya kudumu, ambako hata mpaka wa kasi unaruhusiwa kwenye saa, ila mpana, sekunde 15 kila upande. Wiki ya bamvua anabaki kwenye njia ya mjini yenye alama. Msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ukishika, kasi ya kwenda na kasi ya kurudi hazilingani kabisa, basi anakimbia kwa pumzi na kutazama muda tu. Mapigo ya moyo tumeyaacha kwa mbio ndefu peke yake. Katika rudio la dakika mbili kipimo cha mkononi kinafika kwenye ukweli rudio likikaribia kuisha, na joto la pwani huyapandisha mapigo hata mtu asipoongeza mwendo.

Saa haikurudishwa Nairobi. Analimaliza zoezi la Jumanne bila kuvurugika, na marudio yake sasa yanakaribiana, la mwisho halitofautiani sana na la kwanza. Kwa maoni yangu hilo la kukaribiana ni zuri kuliko rekodi yoyote ya kasi. Kitufe cha kuruka hatua bado kinanikera. Kingehitaji kubonyezwa kwa muda mrefu kidogo ili kikubali, au saa iulize kwanza, na jambo hilo ni la programu tu. Halihitaji kioo kipya wala setelaiti mpya. Vilevile mtetemo wa kuanza na wa kumaliza ungetofautiana. Kwenye saa hii ni ule ule, na mtu akichoka hukosa hesabu.

Kilichobaki ni siku ya mashindano. Njia ya mbio rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, na wapimaji huongeza mita moja kwa kila kilomita ili isije ikawa fupi. Mkimbiaji naye hapiti mstari ule ule wa mpimaji, na GPS huongeza yake. Kwa hiyo saa itahesabu kilomita kabla ya kibao cha kilomita kuonekana, na tofauti itazidi kukua mpaka mwisho. Tumeshaizima ile raundi inayojihesabu yenyewe. Atabonyeza kwa mkono kila anapopita kibao, na kwenye kioo patakuwa na wastani wa raundi tu. Zoezi la siku hiyo halitakuwa na hatua hata moja.